Mlipuko wa ekzosi katika pikapu za kabureta

Mlipuko wa ekzosi ni mshindo unaotoka kwenye bomba la moshi pale petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda inapowaka ikiwa tayari imeingia bombani. Ili utokee, lazima vitu vitatu vikutane humo: mvuke wa petroli, hewa na joto au mwale wa kuuwasha. Katika gereji za jua kali upande wa Kisauni, kuanzia Junda na Mishomoroni, ubovu huu ni wa magari ya petroli ya kizazi cha nyuma, kama vile Peugeot 504 iliyokuwa ikiunganishwa papo hapo Mombasa, Datsun 1200, Toyota Hilux za mwanzo na Land Rover Series III. Lori za dizeli hazimo, kwa kuwa hazina kabureta wala plagi.

Kwanza hubainishwa mshindo unatokea wapi. Ukitokea juu, kwenye kabureta, mara nyingi mchanganyiko una petroli kidogo mno, vavu ya kuvuta haifungi, au nyaya za plagi zimepishana. Mpangilio wa kuwaka katika injini za magari manne yaliyotajwa ni 1-3-4-2, na nyaya mbili zikibadilishana nafasi injini hupiga juu na chini pia.

Mshindo ukiwa wa ekzosi, cha kuchunguza ni wakati wake. Gari likiteremka Mazeras kuja Miritini, gia imeshika na dereva ameachia mafuta, kipepeo cha kabureta hujifunga na silinda hupata mchanganyiko hafifu uliojaa moshi wa mzunguko uliopita. Mchanganyiko huo haushiki moto vizuri, hivyo hutoka mbichi. Peke yake huenda usilete kelele, ila bomba likiwa na tundu, hewa ya nje huvutwa ndani kati ya pigo moja la moshi na jingine, nao mlipuko hutokea. Pwani, chumvi na unyevu hula mabomba na boliti za viungo haraka kuliko bara, kwa hiyo uvujaji ndio wa kushukiwa mwanzo. Injini ikinguruma papo hapo, mwisho wa bomba huzibwa kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi. Mahali panapovuja pataanza kufoka. Gasketi ya manifoldi husahaulika sana, na masizi meusi kando yake ni ushahidi tosha.

Mshindo usio na mpango, unaozidi gari likibebeshwa mzigo, huelekeza kwenye umeme. Pointi zilizoungua, kondensa iliyochoka, kifuniko cha distributa chenye ufa au koili inayodhoofika ikipata joto, vyote huacha petroli ipite bila kuwashwa. Nafasi ya pointi za Land Rover ya lita 2.25 ni milimita 0.35 hadi 0.40, na ikibadilika, wakati wa cheche nao hubadilika. Cheche ikichelewa, moto huwa bado unawaka vavu ya moshi inapofunguka: gari hukosa nguvu, injini hupata joto kupita kiasi, na manifoldi huweza kuwa nyekundu. Taa ya taimingi humaliza ubishi kuhusu wakati wa cheche kwa dakika chache, tena kwa uhakika ambao sikio, hata la fundi mzoefu, haliwezi kuufikia.

Kabureta huguswa baada ya umeme kuthibitishwa. Fundi anayeanza na skrubu zake huficha ubovu, kisha gari hurudi likinywa mafuta zaidi. Plagi nyeusi yenye masizi makavu huonyesha petroli nyingi: choki iliyokwama, boya lililotoboka, jeti iliyolika. Nyeupe huonyesha petroli haba au hewa inayoingia chini ya kabureta. Maji ya sabuni yakimiminwa kwenye kiungo kinachovuja, mngurumo hubadilika. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huvukizwa kwa shida na huleta dalili hizohizo. Uchakachuaji wa mafuta ulikuwa umeenea Kenya kiasi cha serikali kuweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Kwa hiyo kujaribu petroli ya kituo kingine ni kipimo halali.

Mshindo wenye mdundo usiobadilika hutoka kwenye silinda moja. Nyaya za plagi huchomolewa moja moja. Ile ambayo kuchomolewa kwake hakubadilishi mngurumo ndiyo ya silinda mbovu. Kikaratasi kikishikiliwa karibu na mdomo wa ekzosi na kikawa kinavutwa ndani mara kwa mara, huenda vavu ya moshi imeungua. Kipimo cha mgandamizo hukata shauri: oili kidogo ikitiwa kupitia tundu la plagi na kipimo kisipande, ringi za pistoni hazina kosa, vavu ndiyo inayovuja. Chanzo huweza kuwa nafasi ya tapeti iliyobana mno. Peugeot 504 ya petroli huhitaji milimita 0.10 kwa vavu ya kuvuta na 0.25 kwa ya moshi, injini ikiwa baridi. Katika injini zenye viti vya vavu vya chuma laini, petroli isiyo na risasi, iliyo ya pekee sokoni tangu 2006, huvila viti hivyo polepole na nafasi ya tapeti hupungua yenyewe. Kuisaga vavu upya huwa nafuu ya muda. Tiba ya kudumu ni kupeleka kichwa cha injini kwenye karakana ya mashine kikatiwe viti vigumu.