Majalada ya Wagonjwa Wetu Brussels

Ndugu zangu, kila tukigusa historia ya Waafrika wa Brussels tunaanzia Matonge: wanafunzi, muziki, saluni, sombe ya Jumamosi. Leo naomba tuteremke kutoka Porte de Namur hadi Rue Haute, kwenye hospitali ya Saint-Pierre. Sehemu ya historia yetu imelala pale, katika majalada ya madaktari.

Tangu mwaka 1979 walikuwa wakilazwa Ubelgiji wagonjwa kutoka Zaire na nchi jirani, wakiwa na maradhi yasiyoeleweka: homa zisizokwisha, kuharisha, kukonda, fangasi za kooni, vichomi vya ajabu. Wengine walikuwa wakazi wa hapa hapa, wengine watu wenye uwezo waliopanda ndege kufuata tiba. Juni 1981 Wamarekani wakatangaza ugonjwa mpya kati ya wanaume mashoga. Nathan Clumeck na wenzake pale Saint-Pierre wakajiuliza: mbona hawa wetu wanafanana nao? Machi 1983 barua yao kuhusu wagonjwa 5 ikachapishwa katika jarida la Lancet, na Februari 1984 makala ndefu zaidi katika New England Journal of Medicine.

Kilichowashtua wasomaji ni kwamba wagonjwa hao hawakuwa mashoga wala hawakujidunga dawa za kulevya. Basi ikabidi kufikiria mume na mke. Oktoba 1983 watafiti walikuwa tayari Kigali na Kinshasa, na huko wakawakuta wanawake wengi wakiugua sawa na wanaume. Kusema kweli, dunia ilijifunza jambo kubwa kutoka kwenye vitanda vya wahamiaji.

Lakini tazameni kilichobaki. Katika makala hizo mgonjwa hana jina, na hiyo ni haki yake. Ila hana pia kazi, lugha, wala mtu aliyekaa naye usiku. Amekuwa "Mwafrika", basi, kundi la hatari. Wengi wetu tunakumbuka neno hilo lilivyotufuata tukitafuta nyumba ya kupanga!

Sasa kuna sheria ya Ubelgiji ya tarehe 22 Aprili 2019: jalada la mgonjwa litunzwe miaka isiyopungua 30 na isiyozidi 50 tangu alipoonwa mara ya mwisho. Piga hesabu mwenyewe. Aliyefariki 1983, jalada lake linaweza kuwa limeshateketezwa kihalali, na mwisho kabisa ni 2033. Siwalaumu wanaotunza siri za wagonjwa. Nasema tu kwamba familia zenyewe hazijaulizwa, na wajane wanazeeka.

Wakunga na wauguzi wa watoto wametuachia kitu kingine. Shirika la kitaifa la watoto, Œuvre Nationale de l'Enfance, liliundwa kwa sheria ya Septemba 1919, na kliniki zake zilipima watoto wa wahamiaji sawa na wa Wabelgiji. Mama alikabidhiwa daftari: uzito, chanjo, maziwa, na kila kitu kikaandikwa kwa jina la mtoto. Daftari hilo halikai hospitali, liko nyumbani, mara nyingi ndani ya sanduku la biskuti pamoja na pasipoti zilizokwisha muda.

Mwenye nalo asilitupe. Apige picha kurasa zote, kisha amwulize mama akingali hai: nani alikuwa akikutafsiria siku ile?