Kaburi Lililojengewa Makumbusho

Mgeni anayefika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji mjini Songea huangalia kwanza jengo. Wenyeji huanza na kaburi, na wao ndio wenye haki, kwa sababu kaburi lilitangulia jengo kwa zaidi ya miaka 70.

Februari 27, 1906, katika Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wao wa kikoloni, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Wangoni, wakawafukia pamoja. Waliolala katika kaburi hilo la halaiki ni 67. Yumo Nkosi (mtawala) Mputa Gama wa ufalme wa Njelu. Yumo Mkomanile, mwanamke pekee kati yao, anayekumbukwa kwa kuipokea na kuieneza Ungoni dawa ya maji ya kujikinga na risasi, iliyotoka Ngarambe kwa mganga Kinjekitile Ngwale: maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama. Kinjekitile mwenyewe alikwisha kunyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, lakini dawa ilisafiri bila yeye.

Nduna (jemadari) Songea Mbano hayumo humo. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki duniani wenzake wakiwa wamekufa. Akanyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Mji mzima unaitwa kwa jina lake, na bado wazee wanasema kaburi lake lina kiwiliwili tu: kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Kwa miongo mingi hapakuwa na mlango wa kuingilia wala kumbi za maonyesho. Palikuwa na udongo, na watu waliojua nani amelala wapi. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1980, na ikapita karibu miaka 30 mingine kabla hayajawa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mimi nauona ucheleweshaji huo kama sehemu ya historia yake, maana kabla ya serikali kuwa mlezi, kumbukumbu ililelewa na familia.

Ndani kuna mikuki, ngao na picha za enzi zile. Nje, sanamu za mashujaa. Mtu hutoka akiwa amejaa habari za wanaume wenye silaha. Lakini vita hivi viliua zaidi kwa njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, na wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa kati ya 1905 na 1907 na katika njaa iliyofuata ni kati ya 75,000 na 300,000. Tazama pengo lilivyo kubwa kati ya tarakimu hizo mbili! Wa kaburini wanahesabika, 67 kamili. Wa njaa hata laki mbili zaidi au pungufu hatujui. Nani amchongee sanamu mama aliyekufa akitafuta mizizi porini?

Dar es Salaam nako kuna sanamu ya vita, Askari, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927 pale walipokuwa wameing'oa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Huyo wa shaba anawaenzi Waafrika waliotumikia Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Songea neno hilohilo, askari, lina ladha nyingine, kwa kuwa wengi wa waliowapiga Wangoni chini ya maofisa wa Kijerumani walikuwa Waafrika.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa. Alikutana na wajukuu wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu zao, akaahidi kwamba nchi yake itajitahidi kukitafuta kichwa. Si ahadi nyepesi: katika hazina za makumbusho za Ujerumani mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki ni mengi, na mengi hayana jina.

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, watu hukusanyika tena. Ngoma hupigwa, mashada huwekwa kwenye kaburi la wengi, kisha msafara huenda kwa yule aliyezikwa peke yake.