Kutoka Silaha hadi Chombo cha Utafiti: Roketi za White Sands na Anga la Juu, 1946–1947

Hadi Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika, maputo ya utafiti yalifikisha vyombo vya kupimia kwenye kimo cha kilomita 30 hivi. Hali ya anga juu ya hapo ilikadiriwa kutoka ardhini, kwa mawimbi ya redio na kwa kutazama vimondo. Hata Jua lilijulikana nusunusu, kwa kuwa tabaka la ozoni huzuia takriban miali yote ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 290.

Kilichovuka mpaka huo kilikuwa silaha. Mwaka 1945 Jeshi la Marekani lilisafirisha sehemu za makombora ya V-2 kutoka Ujerumani hadi White Sands, New Mexico. Makombora hayo yaliundwa kwa kazi ya shuruti ya wafungwa wa Mittelbau-Dora, kambi ambamo watu wapatao 20,000 walikufa. Masimulizi mengi ya awali ya utafiti wa anga yalilipita jambo hilo kimya, na ukimya huo nao ni sehemu ya historia hii.

Jeshi lilikusudia kujifunza kurusha makombora, si kupima hewa. Lakini pua ya V-2 ilibuniwa kubeba takriban tani moja ya baruti, na bila uzito huo kombora lingeyumba. Nafasi hiyo wakapewa wanasayansi. Februari 1946 waliunda jopo la kuigawa, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Ernst Krause wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji. Jopo halikuwa na mamlaka rasmi wala fungu lake la fedha. Nguvu yake ilikuwa kwamba wajumbe ndio waliotengeneza vyombo. Kasoro ya utaratibu huo iko wazi, kwani mwombaji na mwamuzi walikuwa watu wale wale. Hata hivyo, uliokoa muda.

Jaribio la Aprili 16, 1946 lilishindwa mapema baada ya pezi moja la mkiani kung'oka. Mei 10 kombora lingine lilifika kilomita 112. Ugumu uliosalia ulikuwa kushuka. Juni 28 spektrografu ya maabara ya wanamaji iliwekwa puani. Kombora likarudi likiwa zima, limeelekeza pua chini, likachimba shimo kubwa jangwani. Filamu haikupatikana. Kilichofukuliwa kilikuwa vipande visivyotambulika.

Suluhisho halikuhitaji nadharia mpya. Baruti zilifungwa ili kuitenga pua wakati wa kushuka. Kiwiliwili, kikiwa kimepoteza umbo lake la kupasua hewa, kingepinduka-pinduka na kuanguka polepole zaidi. Spektrografu ilihamishiwa kwenye pezi la mkiani, na filamu ikawekwa ndani ya kasha gumu la chuma. Oktoba 10, 1946 filamu iliokotwa ikiwa salama. Richard Tousey na wenzake waliona spektra ya Jua ikirefuka upande wa urujuanimno kadiri kombora lilivyopanda kupita ozoni, hadi chini ya nanomita 250. Hakuna aliyewahi kuiona sehemu hiyo.

Mafanikio hayo hayakuondoa utegemezi. Akiba ya V-2 ilikuwa na mwisho, na mtambo wenyewe ulikuwa mzito na usiotabirika. Mei 29, 1947 roketi iliyotokana na V-2 ilielekea kusini badala ya kaskazini, ikavuka mpaka na kuanguka karibu na makaburi nje ya Juárez, Mexico. Hakuna aliyeumia, lakini masharti ya usalama yalikazwa.

Wakati huo James Van Allen alikuwa tayari amesukuma mbele uundaji wa Aerobee, roketi ndogo iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya utafiti. Ilibeba kilo 70 hivi tu, nayo iliruka kwa ukamilifu mara ya kwanza Novemba 24, 1947. Zaidi ya 1,000 za jamii hiyo zilirushwa, ya mwisho mwaka 1985.