Mitungi ya Wakisi na vyombo vya pombe Ziwa Nyasa

Siku hizi mama anayepika komoni Mbinga anaweza kuagiza mapipa, ndoo na hamira kwa simu, mzigo ukaja na basi. Zamani vyombo vya mwambao vilikuja kwa maji.

Akina mama wa Kikisi, chini ya Milima ya Livingstone upande wa Ludewa na Kyela, walifinyanga vyungu na mitungi, ikapakiwa kwenye mitumbwi na kupelekwa vijiji vya ziwani. Ardhi yao ni finyu na ya mawe. Chungu ndicho kilikuwa shamba lao: walibadilishana kwa nafaka. Hadi leo vyungu hivyo vinauzwa sokoni Matema.

Mtungi wa udongo hupitisha unyevu kidogo kidogo, kwa hiyo pombe haipati joto sana. Tena kwenye vitundu vyake hubaki chachu ya pombe iliyopita, nayo huanzisha inayofuata. Mpishi hakununua hamira. Alihitaji kimera tu, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. (Bakteria waliobaki humohumo ndio waliofanya pombe ichache upesi.)

Plastiki haishiki chachu namna hiyo. Siilaumu plastiki, ni nyepesi na haivunjiki njiani. Ninachoogopa ni pipa lililotumika, hasa huku kwenye kahawa. Likiwa lilibeba dawa ya mimea, plastiki imeshainyonya. Kuosha hata kwa maji ya moto hakulisafishi. Wewe mfanyabiashara, usiliuze kwa mpishi. Tafuta lililobeba mafuta ya kula, na lebo yake uione mwenyewe.