Mwangwi wa Kununua: Kutoka Makanisa ya Vilimani hadi Kisanduku cha Volti Tisa

Septemba 1895, mapadri watano wa shirika la Mill Hill la Uingereza waliingia Kampala baada ya safari ndefu kutoka Mombasa, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Ujio wao ulikuwa na siasa ndani yake. Wakati wa vita vya Mengo vya Januari 1892, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, Wakatoliki wa Buganda waliitwa Wafaransa, kwa kuwa wamisionari wa White Fathers wa Rubaga walitoka Ufaransa. Padri Mwingereza alitakiwa aonyeshe kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa wa Paris. Wageni hao walileta kilimani namna mpya ya kusikia sauti ya mtu: ndani ya jengo refu, lenye kuta ngumu na dari iliyo juu sana.

Mwaka huohuo wa 1895, huko Harvard, Marekani, mwalimu kijana wa fizikia aitwaye Wallace Sabine aliombwa atibu ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg, ambamo neno moja la mwalimu lilizagaa kwa sekunde tano na nusu hivi kabla ya kufa. Mwanafunzi alikuwa akisikia maneno kadhaa kwa pamoja. Sabine alifanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, akiwa na filimbi ya kinanda na saa ya kupimia, huku akiazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani na kuipanga humo. Kadiri mito ilivyoongezeka ndivyo sauti ilivyokufa mapema. Hapo ndipo mwangwi ulipoanza kuwa na hesabu: ukubwa wa chumba kwa upande mmoja, vitu vinavyomeza sauti kwa upande wa pili.

Huko Kampala, mwangwi mrefu wa makanisa ya wamisionari ulizifaa sana nyimbo za Kilatini. Sauti moja inapanda polepole, inakaa, inashuka, na noti iliyotangulia bado inaelea hewani kuipokea inayofuata. Ngoma haivumilii hayo. Pigo la kwanza halijafa, la pili limelikanyaga, na baada ya muda mfupi mdundo wote umekuwa uji. Jambo hili lilianza kuwa la kila Jumapili baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango, Desemba 1963, kwa lugha na ala za wenyeji katika ibada. Mwaka uliofuata, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu mjini Roma, oratorio ya Joseph Kyagambiddwa juu yao ilibeba midundo ya Kiganda hadi Italia. Nyumbani, kwaya zilizoingiza ngoma zilikuta majengo yao yamejengwa kwa muziki mwingine.

Chini ya vilima hivyo hali ilikuwa kinyume kabisa. Nsambya ilipata kambi ya polisi na nyumba za wafanyakazi wa reli, watu wa makabila mengi walioelewana kwa Kiswahili, lugha ambayo polisi na jeshi la Uganda walirithi kwa wakoloni. Mahali pa watu wa mishahara midogo huwa na baa, na baa ya Kampala mara nyingi ni uwanja wenye paa la mabati na viti, usio na kuta. Mwimbaji wa kadongo kamu, mtu mmoja na gita lake, akiimba hapo sauti yake inatoka mdomoni na kwenda zake barabarani. Hakuna kitu cha kuirudisha. Kwa hiyo hitaji la mashine ya mwangwi, ambalo wauzaji hulieleza kama anasa ya studio, hapa lilitokana na upungufu wa kuta.

Studio za ng'ambo zilikuwa zimeanza kwa ujanja. Mwaka 1947 huko Chicago, fundi Bill Putnam aligeuza bafu la jengo alimokuwa na studio yake kuwa chumba cha mwangwi: spika upande mmoja, maiki upande mwingine, na harmonika za kundi la The Harmonicats zikatoka zimejaa. Mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani EMT ikaleta bati la chuma la mita mbili kwa moja, lililoning'inizwa ndani ya sanduku na kutikiswa kwa umeme. Sauti yake inapendwa hadi leo. Lakini EMT 140 ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 250, na hakuna bendi ambayo ingeipandisha juu ya pikapu kwenda kucheza Jumamosi.

Kilichofika kwa wanamuziki wa kawaida duniani kilikuwa springi. Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda vya umeme, ndiye aliyeisambaza, na Fender akaanza kuiuza kwa wapiga gita mwaka 1961. Waya chache zilizosokotwa ndani ya kijisanduku zinatetemeka, na sauti inapata mkia. Ni rahisi, ni nyepesi, na ina kasoro moja ambayo kila aliyewahi kubeba amplifaya ya namna hiyo anaijua: ikigongwa kidogo inanguruma kama radi. Kwa gita inapendeza. Kwa sauti ya mtu huwa inaleta mlio wa bati, na herufi kama "s" na "t" huruka kama mawe kwenye paa.

Hata hiyo ilikuja kuwa adimu Kampala. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na pamoja nao yakaondoka maduka mengi yaliyouza redio, santuri na vifaa vya umeme. Moses Matovu na wenzake walianzisha Afrigo Band mwaka 1975, katikati ya uhaba huo. Samba Mapangala na kundi lake la Les Kinois walipita Kampala wakitokea Kongo, kisha mwaka 1977 wakahamia Nairobi, kwenye studio na viwanda vya santuri. Mwimbaji Philly Lutaaya alikwenda mbali zaidi, hadi Sweden, ambako alirekodi albamu ya Born in Africa katika miaka ya 1980. Msikilizaji wa Uganda alizoea kusikia mwangwi mzuri kutoka nje na sauti kavu kutoka kwa bendi ya mtaani kwake. Afrigo wangali wakicheza baada ya miongo yote hiyo, na hilo linasema mengi juu ya watu waliolazimika kutegemea koo kuliko mashine.

Huko ng'ambo, bei za mashine za mwangwi zilishuka kwa kasi ya ajabu. Mashine ya kwanza ya kidijitali ya kuuzwa, EMT 250 ya mwaka 1976, iligharimu takriban dola 20,000. Lexicon 224 ya 1978 ilishusha bei, lakini bado ilikuwa ya studio za matajiri. Kisha mwaka 1986 kampuni changa ya Alesis ikatoa MIDIverb kwa chini ya dola 400. Ilikuwa na milio 63 iliyopangwa kiwandani, na mtumiaji hakuruhusiwa kubadili hata mmoja. Wajuzi waliidharau kwa hilo. Hawakuwa na haki: mwimbaji anayesimama mbele ya watu gizani hataki vifungo 40, anataka namba anayoikumbuka.

Mwaka huo wa 1986 ndio jeshi la waasi la NRA lilipoingia Kampala, Januari 26. Dola 400 zilikuwa mlima. Serikali ilibadilisha fedha mwaka 1987, sifuri mbili zikakatwa, na maduka ya kubadilisha fedha za kigeni yalipohalalishwa mwaka 1990, mtu aliweza kununua dola bila kujificha. Mwaka 1993 redio binafsi zikaanza na Sanyu na Capital. Ghafla kulikuwa na mahali pa kupelekea wimbo uliorekodiwa nyumbani, na sababu ya kujenga kijistudio cha kuurekodi.

Katika miaka hiyo ya 1990 Kampala iliambukizwa karioki, na pamoja nayo mwangwi wa bei ya chini kuliko wote. Ndani ya mashine nyingi za namna hiyo mna chipu moja ya kuchelewesha sauti. Iliyoenea sana, PT2399, ilitengenezwa na kampuni ya Princeton ya Taiwan. Hiyo si mwangwi wa chumba bali ni eko: inarudia neno, mara ya pili, mara ya tatu. Ndiyo sauti ya mshereheshaji wa kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, anapotangaza zawadi za upande wa bwana harusi, na ya mhubiri wa stendi ya basi. Mafundi mitambo wanaichukia. Watu wanaipenda, kwa kuwa inampa msemaji ukubwa, na shereheni ukubwa ndio unaotafutwa.

Kwa muziki wa kuimba, historia hii inatoa vipimo vilivyo wazi kuliko katalogi. Cha kwanza ni jengo. Sharing Hall ya Nsambya, inayojulikana kwa michezo ya kuigiza na matamasha, ni ukumbi wenye kuta zake, na ukumbi ukishakuwa na mkia wake mrefu, mashine ya kuongeza mwangwi humo inaharibu maneno. Kwenye baa ya wazi mkia wa sekunde moja na nusu au mbili unapendeza, hasa ikiwa mashine inaweza kuchelewesha mwanzo wa mwangwi kidogo ili neno lisikike kwanza. Miksa nyingi za leo zina mwangwi ndani yake, na kwa bendi nyingi unatosha. Kisanduku cha pembeni kina maana pale tu kinapokuwa na swichi ya mguu ya kuuzima mwimbaji anapowasalimu wageni. Ni kitu kidogo, lakini hotuba yenye mkia wa kanisa ni kero. Katika kurekodi, sauti iingie kavu. Mwimbaji asikilizishwe mwangwi kwenye hedifoni tu, kwa sababu mwangwi uliokwisha kuingia kwenye rekodi hautoki.

Visanduku vya miaka ya 1980 na 1990, Alesis, Lexicon LXP-1, MPX 100, bado vinauzwa mitumba, na wanaovinunua hukwama mahali pamoja: adapta. Vinahitaji volti 9 za umeme geu, AC, wakati adapta nyingi zilizojaa madukani ni za DC. Kuchomeka isiyo yake hakuwashi kitu, au kunaharibu. Lakini adapta ya AC ni transfoma tupu, haina hata diodi, na huko Katwe, mwendo mfupi kutoka Nsambya, mtaa wa mafundi wa kila aina ya chuma na umeme, fundi anayejua kusuka koili anaweza kuitengeneza kutoka volti 240 hadi 9. Mteja ahakikishe tu kwamba namba za AC, volti na ampea zilizoandikwa mgongoni mwa kisanduku amezinakili kabla ya kwenda.