Waridi Ndani ya Chupa

Mwaka 1858 John Landis Mason, Mmarekani, alipata hataza ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha. Ilikuwa ya kuhifadhia chakula. Wanawake wa kusini mwa Marekani wakaipa kazi nyingine: majani yakianza kupukutika, walichomeka kipandikizi cha mwaridi udongoni, wakakifunika kwa chupa iliyopinduliwa. Unyevu ulibaki ndani, baridi kali ikabaki nje. Siri ni kutoifunua mapema.

Mimi huwa nawaza: jina la Mason limeandikwa, la bibi aliyemkatia jirani kijiti halipo popote. Lakini kipandikizi si mtoto wa mwaridi. Ni mwaridi uleule. Basi ukinusa ua lake leo, unanusa harufu aliyoinusa yeye.