Hadithi, Wazee na Karatasi: Jinsi Riwaya Moja Ilivyotufundisha Kuuliza

Watu wengi hudhani kwamba somo la Kiingereza ni kujua maneno na kuyapanga sawasawa, basi. Mtoto akisoma kitabu na kujibu maswali ya mwisho wa sura, mwalimu humpa alama, nao wazazi hufurahi. Sisi nasi tulidhani hivyo kwa miaka kadhaa. Lakini tulipofundisha katika madarasa ya kati hadithi ndefu moja, ya namna ile ambayo siku hizi huitwa riwaya, tuliona ya kuwa kitabu kizuri hakimwachi mtoto mahali kilipomkuta, bali humtuma kwenda kuuliza. Na kuuliza kuna njia yake. Asiyefundishwa njia hiyo aweza kuwaumiza wengine pasipo kujua. Basi twapenda kueleza habari za kitabu hicho, na mambo ya kale yaliyo nyuma yake, na jinsi tulivyojifunza kupanga masomo yake kwa kosa letu wenyewe.

Zamani vitabu vya Kiingereza vilivyosomwa katika shule zetu vilikuwa vya nchi za mbali. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa mwaka 1938 huko Kamiriithu karibu na Limuru, ameandika kwamba alipokuwa mtoto wa shule alisomeshwa hadithi za Dickens na Stevenson zilizorahisishwa kwa ajili ya wanafunzi. Ameeleza pia ya kuwa mtoto aliyesikiwa akisema Kikuyu karibu na shule alichapwa, au alivikwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Tena katika mtihani, aliyeshindwa Kiingereza alihesabiwa kuwa ameshindwa yote, hata kama masomo mengine aliyafaulu vizuri sana. Kiingereza kilikuwa mlango wa kupitia, wala hakikuwa taa ya kumulikia mambo yetu.

Lakini tusidhani kwamba watu wetu hawakujua kuandika habari zao. Mwaka 1934 James Mbotela alitoa kitabu chake kiitwacho Uhuru wa Watumwa, naye alikitunga kwa kuyakusanya yale aliyoyasikia kwa wazee wa Frere Town, Mombasa, waliokuwa wametolewa utumwani. Huyo aliketi, akasikiliza, kisha akaandika. Kazi hiyo ndiyo tunayotaka watoto wetu waijue, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia.

Ngũgĩ naye alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Makerere alianza kutunga. Mwezi wa Juni 1962 watungaji wa Afrika walikutana huko Makerere, naye akapata nafasi ya kumwonyesha Chinua Achebe wa Nigeria kazi aliyokuwa akiiandika. Kazi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child, nayo ni riwaya ya kwanza ya Kiingereza ya mtungaji wa Afrika ya Mashariki kutolewa kitabu. Wakati ule mwenyewe aliitwa James Ngugi.

Kitabu si kirefu. Habari yake ni ya kijana Njoroge, apendaye shule kuliko kitu chochote. Baba yake, Ngotho, ni kibarua katika shamba la setla Howlands, na shamba hilo ndilo lililokuwa ardhi ya wazee wake. Howlands aipenda ardhi kwa kuwa ameilima; Ngotho aipenda kwa kuwa ameirithi na kunyang'anywa. Boro, kaka yake Njoroge, amerudi kutoka vita vya pili vya dunia na moyo mchungu, kwa maana ndugu yake Mwangi amefia huko, naye mwenyewe hana shamba wala kazi. Jirani yao Jacobo ni tajiri na rafiki wa serikali. Lakini binti yake, Mwihaki, ni rafiki wa Njoroge. Basi ghasia zinapoingia, kila nyumba inapasuka. Njoroge aondolewa shuleni Siriana na kuteswa, Ngotho afa, Jacobo na Howlands wauawa. Mwisho wa kitabu ni mzito, na mwalimu asiwape watoto bila kuwaandaa.

Sasa mtoto akisoma hayo huuliza mara moja, "Mwalimu, haya yalitokea kweli?" Swali hili ni jema, na jibu lake si ndiyo wala la. Njoroge hakuwako, wala shule ya Siriana. Lakini dhoruba iliyoipasua nyumba yake ilikuwako. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, na usiku ule Jomo Kenyatta na wengine wengi wakakamatwa. Mwezi wa Aprili 1953, huko Kapenguria, Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Shule za Wakikuyu za kujitegemea zilifungwa au kutwaliwa. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi wakakamata maelfu mengi ya watu. Tangu mwaka huo watu zaidi ya milioni moja waliondolewa katika nyumba zao, wakakazwa katika vijiji vilivyolindwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu ya mahakama, na Hali ya Hatari haikuondolewa mpaka Januari 1960.

Tena ugomvi haukuwa wa Mwafrika na Mzungu peke yao. Masetla waliouawa walikuwa 32. Waafrika waliokufa walikuwa maelfu, na wengi wao waliuawa na Waafrika wenzao. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau waliwaua watu wengi wa nyumba zilizokuwa upande wa serikali, wakiwamo wanawake na watoto. Na kabla ya kupambazuka kisasi kikaanza, wengine wengi wakauawa. Atakayeuliza kwa nini Lari, ataona kwamba nyuma yake palikuwa na ugomvi wa ardhi, maana watu wa Tigoni walikuwa wamehamishiwa huko ili kuwapisha masetla, na wengine waliona wenzao wameiuza haki ya wote. Hivyo kila swali huzaa jingine, kama mizizi ya nyasi. Ukivuta mmoja unakuja na mwingine.

Je, tuamini karatasi za serikali? Hapa pana fundisho kubwa. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walikufa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi ulipofanywa, ilijulikana kwamba walipigwa mpaka wakafa. Tena, Waingereza walipoondoka Kenya, karatasi nyingine walizichoma, nyingine walizichukua kwao, zikafichwa miaka mingi. Wazee walipokwenda kudai haki yao mbele ya mahakama ya London, karatasi hizo zikadhihirika mwaka 2011, zikiwa mahali paitwapo Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba watu waliteswa, ikaeleza masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Fikirini, wasomaji: tangu mwaka 1964 riwaya ilikuwa imesema kwamba watu waliteswa, na wazee walikuwa wakisema hivyo siku zote, karatasi zilikuja nyuma yao.

Haya yote tulikuwa tukiyajua tulipoanza kukifundisha kitabu hiki, lakini kujua habari si kujua kufundisha. Mwaka ule wa kwanza, tulipofika katikati ya kitabu, tuliwaambia wanafunzi, "Nendeni nyumbani, mkawaulize wazee habari za Hali ya Hatari, kisha mwandike insha ya kurasa 2." Hatukuwaambia zaidi. Insha zikaja. Nyingine zilikuwa zimenakiliwa neno kwa neno kutoka kitabu kimoja, hata makosa ya chapa yalikuwa yale yale. Lakini msichana mmoja alikuwa ameketi kweli na nyanya yake. Aliandika kwamba homugadi wote walikuwa wasaliti, akataja na nyumba moja ya kijijini. Nasi kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa safi, tulimwita asome mbele ya wote. Mvulana mmoja aliyekaa nyuma akainama, asiinue kichwa mpaka kengele ikalia. Nyumba iliyotajwa ilikuwa ya babu yake. Kesho yake hakuja shuleni, wala kesho kutwa.

Siku ya tatu tulikwenda kwao jioni. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba na bakora yake. Tulimwamkia, tukamwomba radhi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto yule hakusema uongo. Lakini mimi hakuniuliza."

Tukasema, "Mzee, kosa si lake, ni letu. Hatukumfundisha kuuliza. Ukipenda, sisi twakuuliza leo."

Akatuambia kwamba alikuwa kijana wa miaka 20, na ndugu yake alikuwa msituni. Yeye alisimama usiku juu ya mnara wa boma na bunduki, na kila kichaka kilipotikisika alihofu kwamba atakayempiga ni mtoto wa mama yake. Hakujitetea. Alisema tu, "Andikeni na hilo."

Tangu hapo tulibadili mpango wetu, na sasa masomo haya huchukua majuma 6. Juma la kwanza twachora ramani ya nchi ya Limuru, twajifunza maneno magumu, kisha twasoma sura za mwanzo kwa sauti. Juma la pili kila mwanafunzi huandika kurasa zake katika safu mbili: upande huu mambo yaliyobuniwa na mtungaji, upande wa pili mambo ambayo yaweza kuchunguzwa. Juma la tatu kila mmoja huchagua swali moja dogo. "Mau Mau ilikuwa nini?" si swali la mtoto, hata wataalamu huandika vitabu vinene juu yake. Lakini "Watu wa kijiji chetu walipata wapi maji walipokuwa ndani ya handaki?" ni swali ambalo mtoto aweza kulibeba.

Juma la nne ni la mashahidi, na kanuni yetu ni kwamba shahidi mmoja hatoshi. Pawe na mzee, pawe na kitabu, na ikiwezekana pawe na mtu wa upande wa pili. Mwanafunzi humwomba mzee ruhusa kwanza. Mzee akisema hataki, basi, hakuna kumlazimisha. Huandika jina lake na siku waliyozungumza, lakini jina halisomwi darasani asipopenda mwenyewe. Hupambanua yale mzee aliyoyaona kwa macho na yale aliyoyasikia. Tena maneno yaandikwe kwanza katika lugha ile ile aliyoyasema, kisha ndipo yatiwe katika Kiingereza. Hapo mtoto hujifunza Kiingereza zaidi kuliko kwa mazoezi 100, kwa maana hutafuta neno linalotosha uzito wa neno la nyanya yake, na mara nyingine halioni. Ngũgĩ mwenyewe baadaye aliacha kutunga riwaya kwa Kiingereza akarudi katika Kikuyu, na riwaya yake ya kwanza ya lugha hiyo, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilitoka mwaka 1980. Alifariki tarehe 28 Mei 2025, naye alikuwa ametuachia swali hilo la lugha, ambalo mwalimu wa Kiingereza hana budi kulijibu kila siku.

Juma la tano ni la kuandika: swali, kisha ushahidi, kisha jibu, kisha jambo lililobaki bila jibu. Aliyechukua neno la mtu amtaje; asiyemtaja ameiba, hata kama ameiba maneno matupu. Juma la sita twasoma insha, lakini mwalimu huzisoma zote kwanza peke yake, apate kujua ni nani aketiye nyuma ya darasa.

Yule mvulana alirudi shuleni. Aliandika habari za mnara wa boma kwa maneno ya babu yake. Msichana naye alikwenda kumwuliza mzee, akaongeza ukurasa wa tatu katika insha yake. Nyanya yake hakubadili neno lake hata moja, wala hatukumtaka alibadili, maana yeye naye aliyaona aliyoyaona. Insha zote mbili tulizibandika ukutani bega kwa bega. Wazazi walipokuja siku ya kufunga shule, wengine walisoma moja wakaondoka. Lakini tuliwaona wachache waliosimama wakasoma zote mbili, wakarudia ya kwanza.

Mzee yule hatunaye tena, na wazee wa namna yake wamebaki wachache mno. Vitabu vitakuwako rafuni mwaka ujao; karatasi za London zitakuwako. Shahidi mwenye pumzi hangoji. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza kwamba kutouliza, na mwenye kujua angali ameketi mlangoni pake, ni hasara isiyolipika. Basi, ndugu mzazi, mtoto wako akija jioni na daftari na kalamu, akakuomba habari za siku zile, usimfukuze ukasema hiyo ni kazi ya shule. Mpe kiti.